Sanduku la Wasomaji: Unga, Karo, Bili na Orodha ya Majina

Barua za toleo hili zimetoka pembe mbalimbali za kaunti ya Kisumu, kuanzia mitaa ya mjini hadi Maseno na Nyakach. Karibu zote zinauliza juu ya mashirika ya hisani ya hapa nyumbani: yanamsaidia nani, kwa kiasi gani, na mwananchi afuate njia ipi. Majibu yametolewa na watendaji wanaofanya kazi hiyo kila siku katika kaunti hii. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

*Hapa Nyalenda kulikuja chakula cha msaada. Jirani mwenye nyumba ya mawe alipata. Mjane aliyepanga chumba kimoja nyuma yetu hakupata. Nani huandika majina haya? – Mama wa Nyalenda*

Mama, orodha ndiyo kazi yenyewe. Kugawa magunia ni kazi ya siku moja, lakini orodha nzuri huchukua wiki mbili au zaidi. Shirika likifanya haraka na kuruka hatua hiyo, matokeo huwa haya unayoyaeleza.

Utaratibu unaofaa huanza kwa kamati ndogo ya mtaa: mzee wa mtaa, mhudumu wa afya ya jamii, mama mmoja kutoka chama cha pale, mtu mwenye ulemavu au mlezi wake, na mwakilishi wa wapangaji. Huyo wa mwisho husahaulika kila mara, na ndiyo sababu mjane wenu aliachwa. Mzee wa mtaa huwajua wenye ploti kwa majina ya babu zao, ilhali mpangaji aliyehamia miezi minane iliyopita hamjui. Mhudumu wa afya ya jamii ndiye huingia hata vyumba vya nyuma, maana ana nyumba zake za kutembelea na anajua nani ana mgonjwa kitandani.

Kamati ikishapendekeza majina, watu wawili wasio wa mtaa huo huenda nyumba kwa nyumba. Huuliza mambo machache tu: watu wangapi walilala hapa jana, walikula mara ngapi, nani analeta pesa, kuna mgonjwa wa kudumu au mtoto chini ya miaka mitano. Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 hupimwa mkono kwa utepe. Mkono ukiwa chini ya sentimita 12.5, mtoto ana utapiamlo. Ukiwa chini ya 11.5, hali ni mbaya na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu anahitaji chakula cha tiba na gunia la mahindi halitamponya.

Halafu majina husomwa hadharani kwenye baraza na kubandikwa ukutani siku tatu hadi tano kabla ya ugawaji, pamoja na nambari ya simu ya malalamiko ambayo si ya mzee wa mtaa wala ya chifu. Orodha isiyosomwa mbele ya watu msiikubali. Jambo moja tu juu ya yule jirani: nyumba ya mawe hailiwi. Kuna mwenye nyumba nzuri aliyepooza na hana anayemtafutia. Msimhukumu kwa ukuta wake kabla ya kujua anakula nini.

Kwa sasa, nenda na huyo mjane kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, aandikwe kwake kwanza. Mashirika mengi huanzia kwenye daftari hilo.

*Familia ya watu watano inapaswa kupewa chakula kiasi gani? Tulipewa kilo kumi za unga na tukaambiwa ni za mwezi. – Msomaji, Ahero*

Kilo kumi kwa watu watano ni takriban siku tano za unga, tena bila mboga.

Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada duniani ni kalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Mgao wa kawaida unaoukaribia ni gramu 400 za nafaka, gramu 60 za maharagwe au ndengu, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi kwa mtu kwa siku. Kwa watu watano kwa wiki mbili, hiyo ni kilo 28 za mahindi (gorogoro kumi na nne za kilo mbilimbili), kilo 4.2 za maharagwe, mafuta karibu lita mbili, na pakiti ya chumvi ya nusu kilo. Hata hapo mgao haujafika 2,100: unakaribia 1,900, na familia hujazia kwa mboga na omena. Shirika lisiloweza kutoa hivyo lipunguze idadi ya familia au lipunguze siku, na liseme wazi. Kumwambia mtu kwamba mfuko wa siku tano ni wa mwezi mzima ni kumvunjia heshima.

Mahindi au unga? Mahindi ni nafuu na hukaa, lakini familia italipa posho mill, na asiye na shilingi za kusaga atauza sehemu ya mahindi ili asagiwe yaliyobaki. Mahali mill iko mbali, afadhali unga wa pakiti, ambao kwa sheria huongezwa vitamini na madini. Maharagwe nayo hula kuni. Kwa mtu anayenunua makaa ya kopo, ndengu ni bora kwa sababu huiva upesi. Ninyi wa Ahero mna mpunga mlangoni, kwa hiyo shirika lenye busara hununua mchele kwenye vinu vya hapo badala ya kusafirisha nafaka kutoka mbali, na pesa hubaki kwa wakulima walewale.

Mahindi mabichi ndiyo hatari kubwa ya stoo. Yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, la sivyo kuvu huota na kuleta sumu ya aflatoksini, ambayo haitoki kwa kupika. Asiye na mashine atumie chupa ya glasi iliyokauka kabisa: tia mahindi hadi theluthi, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Rudisheni kwa mwuzaji au anikeni tena. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, na yaliyoingia kwanza yatoke kwanza.

Mgao huo wa wiki mbili ni karibu kilo 35, na mama mzee hawezi kuubeba. Shirika liweke nauli ya bodaboda kwa wazee na wajawazito, likubali barua ya kumtuma mtu kwa niaba, na ugawaji uishe mapema alasiri ili watu wafike makwao kabla ya giza.

Na kama soko liko wazi na lina bidhaa, kama Kibuye au Katito, pesa kwa simu mara nyingi hufaa kuliko magunia. Tahadhari mbili. Ongezeni gharama ya kutoa pesa. Pia ulizeni mapema kama laini ina deni la Fuliza, yaani mkopo wa M-Pesa, kwa sababu pesa ikiingia deni hukatwa kwanza, na mama hufika kwa wakala akakuta salio limebaki nusu. Mwenye deni hilo apewe vocha ya duka au chakula chenyewe.

*Ndugu yetu amelazwa, bili inapanda kila siku, na tumeambiwa kuna shirika linalolipa. Tuanzie wapi? – Familia, Kondele*

Anzeni ndani ya hospitali, leo, kabla ya kutafuta shirika lolote. Hospitali kubwa za umma, ikiwemo ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, zina afisa wa ustawi wa jamii. Mwoneni mgonjwa akiwa bado wodini. Familia nyingi humtafuta siku ya kuruhusiwa, wakati ameshapungukiwa na muda wa kuchunguza hali yenu na kupendekeza msamaha. Nendeni na kitambulisho cha mgonjwa, barua ya chifu, na bili yenye mchanganuo wa kila huduma. Isomeni mstari kwa mstari: dawa mliyoinunua nje isiwemo, na vitanda vihesabiwe siku sahihi.

Kisha angalieni SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili hufanywa kwa *147# na hautozwi. Matibabu ya kawaida ya zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na 3, yanahitaji usajili tu. Kulazwa katika hospitali za juu kunahitaji mchango uliolipwa. Kwa wasio na ajira rasmi mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja, kwa hiyo kiwango cha chini ni shilingi 3,600. Maswali ya kukadiria mapato yajibiwe kwa makini na mtu anayeijua nyumba hiyo, maana jibu la kubahatisha kuhusu paa, mifugo au choo hupandisha mchango. Mke, mume na watoto waandikwe kila mmoja. Wengi hudhani mtoto ameingia kwa sababu baba ameingia.

Sisi tunaamini kwamba shirika lenye shilingi 36,000 lifikirie sana kabla ya kulipa bili moja. Pesa hizo hulipia familia kumi za kiwango cha chini mwaka mzima, kabla hawajaugua. Ni kazi isiyo na shangwe wala picha, lakini ndiyo inayookoa ng'ombe wa familia asiuzwe.

Shirika likikubali kusaidia, lilipe kwenye akaunti ya hospitali kwa nambari ya mgonjwa. Asitumiwe pesa jamaa, hata awe mwaminifu namna gani. Na mgonjwa aliyeruhusiwa asifungiwe kwa ajili ya deni: mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya kina mama waliozuiliwa hospitalini Nairobi, kwamba kufanya hivyo ni kuvunja haki zao. Deni hubaki deni, na huandikiwa mpango wa kulipa.

*Nina miaka 73, nalea wajukuu wanne baada ya mama yao kufariki. Amekuja mtu mwenye gari akisema atawachukua wawili awapeleke kituo cha watoto, wakasome bure. Nikubali? – Nyanya, Nyakach*

Nyanya, shikamoo, na pole kwa msiba. Usikubali, na usitie sahihi wala kidole kwenye karatasi yoyote.

Mtoto hatolewi nyumbani kwa mazungumzo ya uani. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka afisa wa watoto wa kaunti ndogo ahusishwe, na kituo kiwe kimbilio la mwisho baada ya jamaa na familia nyingine kushindikana. Serikali ilisimamisha usajili wa vituo vipya tangu Novemba 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwenye familia. Mwambie naibu wa chifu juu ya mgeni huyo, au mtu akupigie 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Huenda ana nia njema, basi naye apelekwe kwa afisa wa watoto akaieleze huko.

Sasa yale unayoyastahili. Umepita miaka 70, kwa hiyo uliza ofisi ya maendeleo ya jamii kuhusu Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee. Mpango huohuo una fungu la nyumba zinazolea yatima.

Kinachokwamisha nyanya wengi ni vyeti. Cha kwanza ni cheti cha kifo cha mama yao. Kama alifia hospitalini, kibali cha mazishi kina nambari itakayotumika. Kama alifia nyumbani, naibu wa chifu ndiye aliyepaswa kuandikisha, na ndiye wa kumwendea. Cha pili ni vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wanne. Mtoto ambaye hakuandikishwa ndani ya miezi sita huhesabiwa kama aliyechelewa, na hutakiwa ushahidi zaidi: kadi ya kliniki, barua ya shule, kitambulisho cha mzazi au nakala yake. Usitupe kitambulisho cha marehemu kabla vyeti havijatoka.

Hapa ndipo shirika la hisani linapofaa kuliko popote: kijana mmoja wa kujitolea, nauli ya kwenda na kurudi ofisini mara tatu au nne, na ada za vyeti. Bila karatasi hizo watoto hukosa basari, yaani msaada wa karo, hukosa kuandikwa kwenye bima, na hata shamba la mama yao huingia mikononi mwa wajomba. Ukienda kwa shirika lolote, usiombe unga kwanza. Omba mtu wa kufuatilia vyeti.

*Shirika letu dogo lataka kulipia karo watoto kumi wa sekondari. Ushauri? – Mwenyekiti wa kikundi, Muhoroni*

Mwenyekiti, hesabuni miaka kabla ya watoto. Anayeingia Gredi 10 ana miaka mitatu mbele yake. Kama mfuko wenu unatosha watoto kumi kwa mwaka mmoja, basi unatosha watatu hadi wamalize, na hao watatu ndio idadi yenu. Mtoto anayelipiwa mwaka mmoja halafu akaachwa hurudi nyumbani na deni na aibu.

Lipeni mwisho, baada ya basari ya kaunti na ile ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, kujulikana. Mkilipa kwanza, kamati za basari humwona mtoto ana mfadhili na kumruka. Wasaidieni wazazi kujaza fomu hizo, maana nyingi hukataliwa kwa kukosa muhuri wa chifu, taarifa ya karo kutoka shule, au cheti cha kifo. Lipeni kwenye akaunti ya shule kwa nambari ya usajili ya mwanafunzi na dai risiti. Wekeni akiba ya vitu ambavyo basari haigusi: viatu, nauli ya kurudi shuleni, sodo kwa wasichana kila mwezi, chakula cha mchana kwa shule za kutwa. Mtoto huacha shule kwa viatu, karo ikiwa imelipwa.

*Nina magunia mawili ya nguo kuukuu nataka kuyatoa. Niyaandae vipi? – Msomaji, Milimani*

Fua, anika, tenga za watoto kando, toa zilizochanika na chupi. Sweta na viatu vya watoto havikai stoo hata wiki. Suti za ofisini hukaa, hizo uza Kibuye na ulete pesa.

*Kila masika Mto Nyando hufurika na kila masika misaada huchelewa. Kikundi chetu cha kanisa kijiandae vipi? – Mzee wa kanisa, Kano*

Mzee, manunuzi yafanywe Januari na Februari, kabla barabara hazijaziba na bei ya turubai haijapanda. Chagueni familia mtakazozimudu, tuseme hamsini, na wekeni kwa kila moja turubai la mita 4 kwa 6 na kamba, mitungi miwili ya lita 20 yenye vifuniko, blanketi, neti moja kwa kila watu wawili, sufuria, sabuni, na dawa ya klorini ya kutibu maji. Stoo iwe mahali palipoinuka. Linaonekana jambo la wazi, lakini vikundi huweka vifaa vya mafuriko kwenye kanisa linalofurika.

Kila nyumba iambiwe mapema ifunge vitambulisho, vyeti, hati ya shamba na kadi za kliniki ndani ya mifuko miwili ya nailoni, iliyofungwa mmoja ndani ya mwingine.

Mnapohifadhi watu shuleni, hesabu ni hizi: maji lita 15 kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 50 siku za mwanzo, kisha mfikie kimoja kwa watu 20. Vya wanawake viwe kando, na vifungike kwa ndani. Taa usiku ni lazima. Mkubaliane na mwalimu mkuu kuhusu siku ya kuondoka, kwa sababu muhula wa pili hufunguliwa mvua ikiwa bado kali, na hapo familia husukumwa barabarani bila mpango.

Anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa bila kurundika, kisha apelekwe kituo cha afya. Kuharisha maji kama ya mchele ni dalili ya kipindupindu. Mhudumu wa afya ajulishwe saa hiyohiyo. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

*Tunataka kusajili kikundi chetu na kuanza kupokea michango. Na je, tunaweza kuweka picha za tunaowasaidia mtandaoni ili wafadhili waone? – Vijana, Maseno*

Kikundi cha kijamii husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Pelekeni katiba, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha kikundi, orodha ya wanachama na nakala za vitambulisho. Shirika kubwa la manufaa ya umma lina sheria nyingine, ile ya 2013 iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Anzeni na ya kwanza.

Pesa zisipite kwenye simu ya mtu. Fungueni akaunti ya benki ya kikundi yenye watia sahihi watatu, wawili kati yao wakihitajika kila mara, wasiwe wa nyumba moja. Mweka hazina asishike ufunguo wa stoo. Kila kinachoingia stoo kiandikwe kwenye kadi, kila kinachotoka kitiwe sahihi au kidole na aliyepokea. Mwisho wa mwezi watu wawili wasio viongozi wahesabu magunia na kulinganisha na kadi. Kisha bandikeni ukutani karatasi moja: tulipokea kiasi hiki, tulitumia hivi, kimebaki hiki. Kikundi kinachobandika karatasi hiyo kila mwezi huchangiwa na majirani wenyewe, hata kwa shilingi hamsini.

Picha: kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, uso wa mtu ni taarifa yake binafsi. Mtoto hapigwi picha bila idhini ya mzazi au mlezi, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Hata kwa mtu mzima, idhini iliyoombwa akiwa kwenye foleni ya unga si idhini, kwa sababu anaogopa kunyimwa. Mwombeni baada ya kupokea, siku nyingine, na akikataa asiulizwe sababu. Wafadhili watumieni picha ya stoo, ya kadi, ya risiti ya shule iliyofichwa jina, na ya mikono ikipima mahindi kwa gorogoro.